Kigoda Chini ya Tangi

"Sista, hapa hatuchomelei banda la kuku," alisema Apolinari, akigonga chuma cha engo kwa ukucha. "Hapa juu linakaa tangi la lita elfu mbili. Tani mbili hizo. Nataka rodi za kuchomelea, zile namba sabini-kumi-na-nane. Hizo sitini-kumi-na-tatu zenu waachieni watu wa mageti."

Rukaiya alishika kiuno akaangalia chini. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na kumi na mmoja kati ya hiyo ameimalizia kwenye karakana ya baba yake, Mzee Nassibu, pale Tandika, rodi mkononi. Jibu alikuwa nalo. Mashine yao ni ya kusuka kwa mkono, waya wa shaba umezungushwa kwenye chuma na Mzee Nassibu mwenyewe, na umeme unaotoka ni ule ule wa ukutani, wa kwenda na kurudi, wala si mkali. Sabini-kumi-na-nane ni rodi nzuri, hakuna anayebisha, lakini kwenye mashine ile inawaka, inazima, inaganda kwenye chuma, unaibandua, unaanza upya. Rodi ya mashine ile ni sitini-kumi-na-tatu. Ukichukua nene, geji kumi, ikiwa kavu, inabeba tangi hilo na Apolinari akiwa amepanda juu yake.

"Braza, ishu si ukubwa wa namba," alianza. "Inategemea na mashine unayo—"

"Mie niko saiti kule Wazo mwaka wa tisa huu. Hakuna anayegusa nguzo kwa sitini-kumi-na-tatu. Kama hamuwezi semeni, Mwenge kuna vijana wana mashine za kisasa."

Watu wa saiti ndivyo walivyo. Akishazoea mashine ya kampuni anadhani dunia nzima inachomelea kwa mashine hiyo, na ukimweleza anaona unajitetea. Apolinari hakuwa mtu mbaya. Chekechea iliyohitaji mnara wa tangi hilo ilikuwa ya dada yake, Mwalimu Avelina, na tangi lingekaa hatua chache kutoka mahali watoto wanapochezea. Alikuwa na haki ya kuogopa. Kosa lake ni kuogopa kwa kelele.

Avelina mwenyewe alikuwa mlangoni, watoto wawili wamemng'ang'ania sketi. "Jamani tukubaliane, darasa linanisubiri. Rukaiya mdogo wangu, utaweza au hutaweza?"

Hapo ndipo Rukaiya alipoharibu. Kwa miaka yote wateja walikuwa wanakuja kumuulizia baba yake, na yeye wanamuita "binti wa Nassibu, yule anayeshika chuma". Mwalimu Avelina ndiye wa kwanza kuingia karakana akauliza, "Fundi Rukaiya yupo?" Sasa fundi Rukaiya aanze kubishana na kaka wa mteja, kazi iende Mwenge?

"Nitaweza, Mwalimu. Nitatumia hizo hizo."

"Umeona sasa," alisema Apolinari.

"Na mzee atakaa chini?" Avelina aliuliza akitabasamu.

"Atakaa. Atakosaje?"

Hilo la kukaa chini Tandika nzima inalijua. Ukimwagiza Mzee Nassibu mnara wa tangi, siku ya kulijaza kwa mara ya kwanza alikuwaga anachukua kigoda chake anakaa chini ya mnara, katikati kabisa, maji yanapanda juu ya kichwa chake. Mkewe, Bi Chausiku, anakuja na birika la kahawa na mkate wa kumimina kwenye sinia, anaweka kigoda cha pili, wanakula hapo mpaka tangi lijae na maji yawamwagikie. Watu wanapiga makofi, mzee anataka kuinuka, Bi Chausiku anamvuta shati. "Tukae kidogo," anasema. Wanakaa na nguo zimelowa, kama watu walioko pikiniki. Ah, zilikuwa siku hizo! Bi Chausiku alifariki miaka mitatu iliyopita. Baada ya hapo mzee alikaa peke yake mara mbili tu, kisha macho yakamwishia, na mashine ikawa ya Rukaiya.

 

Dukani kwa Talha boksi la rodi lilikuwa juu ya kaunta, mdomo wazi, na Talha anauza kwa kuhesabu.

"Zimefunguliwa lini hizi?" Rukaiya aliuliza.

"Juzijuzi tu."

"Juzi ya lini?"

"Rukaiya nawe! Unanunua rodi au unachagua mume?" Talha alicheka, kisha akamwangalia. "Ni za mashine ya mzee? Zitakugandia hizi, ohoo."

"Mteja ndiye anazitaka."

"Haya. Mie nauza tu."

Rodi zilizokaa wazi Dar es Salaam ni rodi zilizokunywa maji, hata kama mvua haijanyesha. Mji ambao chumvi inalowa ndani ya kopo, rodi itapona vipi? Rukaiya alilijua hilo pia. Alizifunga kwenye nailoni akaondoka.

Akachomelea siku mbili pale chekechea. Ya kwanza ikawaka, ikapiga cheche tatu, ikazima. Ya pili ikaganda kwenye engo, akaitingisha mpaka ikakatika. Akaongeza moto wa mashine mpaka mwisho. Ukingo wa chuma ukaanza kuliwa, na rodi bado inakohoa. Kila ilipozima aliiwasha tena pale pale, juu ya ganda linaloachwa na mchomo, ambalo hakulisafisha vizuri, kwa sababu Apolinari alikuwa amesimama getini na simu sikioni, akimwangalia. Mchana akapita karibu. Hakuangalia mchomo. Aliangalia namba kwenye ubavu wa rodi, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda zake.

Viungo vya miguuni vilitoka afadhali. Lakini vile vinne vya juu, vinavyobeba kitanda cha tangi, alipogonga ganda likatoka, ndani kulikuwa na vitundu vitundu kama mkate wa kumimina ukiukata. Rukaiya alikaa kwenye ngazi akaviangalia kwa muda mrefu. Angeweza kuvikata, kurudi nyumbani, kuchukua rodi zake na kuanza upya. Ingemgharimu siku moja na maneno ya Apolinari. Badala yake akachukua puti, ile ya kuzibia mabati ya magari, akaziba vitundu, akapiga msasa, akapaka rangi nyekundu. Mnara ukapendeza. Mwalimu Avelina akaupiga picha.

Jioni mzee alikuwa barazani kwake, redio pajani. Macho yake sasa yanaona vivuli tu, lakini hatua za binti yake anazijua.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, baba."

"Umetumia rodi gani?"

"Zile zile."

"Geji kumi?"

"Geji kumi."

"Umezikausha?"

"Nilizianika juu ya bati."

Mzee alicheka kidogo. "Juani! Mama yako angekusema wewe."

Bi Chausiku alikuwa anauza mkate wa kumimina asubuhi, na oveni yake ilikuwa sanduku la bati alilochomelewa na mumewe walipooana, makaa chini na makaa juu. Mkate ukishatoka, yeye mwenyewe anapanga rodi ndani, kwenye joto lililobaki. "Zikauke, zisiokwe," alikuwa anasema, maana hizo sitini-kumi-na-tatu nazo ukizibabua ganda lake la nje linaharibika. Karakana nzima ilikuwa inanukia iliki. Kuna mteja aliwahi kuinusa rodi akauliza kama zinatoka Zanzibar. Tangu mama afariki, oveni ilikuwa stoo imejaa misumari na vitasa vibovu, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuigusa.

"Jumamosi unipeleke mapema," mzee alisema. "Kigoda changu kipo?"

"Kipo, baba," alisema Rukaiya, na akaingia ndani haraka.

 

Jumamosi watoto hawakuwepo, ila wazazi kadhaa walikuja, na majirani waliosikia kwamba Mzee Nassibu anakaa tena. Alivaa kanzu yake ya Ijumaa na kofia. Apolinari alimshika mkono kumwongoza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa saiti?"

"Ndiyo mimi, mzee."

"Binti yangu kafanya kazi?"

"Kafanya. Nilisimamia mwenyewe."

Mzee alipapasa mguu wa mnara kwa kiganja, kutoka usawa wa kifua mpaka chini. Akasikia rangi nyororo, akaridhika. Akaweka kigoda chake katikati, akakaa, fimbo mapajani. "Bismillahi," alisema. "Fungueni maji."

Avelina akafungua bomba. Maji yakaanza kupiga chini ya tangi tupu kwa kishindo, kisha kishindo kikapungua. Rukaiya alikuwa amesimama mbele kabisa. Mtu mmoja alimpongeza, hakumsikia. Alikuwa anakiangalia kiungo cha kulia, cha juu, kile alichokiziba mwisho.

"Marehemu mama yake alikuwaga anakaa hapo pembeni yangu," mzee alikuwa anawaambia watu, uso umeng'aa. "Na mkate wake. Leo nimekuja bila mkate, mnisamehe. Lakini kazi hii ni ya mikono ya mwanangu. Mie sijagusa hata nyundo. Nataka mjue hivyo."

Watu wakaitikia kwa furaha. Maji yalikuwa robo, yakaelekea nusu. Na pale kwenye kiungo cha kulia, kwenye ile rangi nyekundu, pakatokea mstari mwembamba kama uzi. Hakuna aliyeuona. Ungeuonaje, kama hukujua kwamba chini ya rangi kuna puti? Rukaiya aliuona ukirefuka kidogo, ukasimama, ukarefuka tena. Alifikiria kusema bomba limeharibika. Alifikiria kumwita baba kwa kisingizio cha simu. Mzee alikuwa anacheka na mtu, kichwa kimeinuka, koo lote liko wazi chini ya lile tangi.

"Baba, toka!" Rukaiya alipiga kelele. "Toka hapo! Mwalimu, funga maji! Baba, toka, kazi ni mbovu!"

Mzee hakuinuka, kwa sababu hakuelewa. Rukaiya aliingia chini ya mnara, akamkamata makwapani, akamburuta kama gunia. Kofia ikaanguka, kigoda kikapinduka.

"Unanifanya nini? Rukaiya! Mbele za watu!"

"Nimeziba na puti," alisema, analia, mbele ya wazazi na majirani na kila mtu. "Vile viungo vya juu vina vitundu. Rodi zilikataa, nikaziba na puti, nikapaka rangi. Nilikudanganya, baba. Si zile zile."

Maji yalipokwisha kutolewa tangini, Apolinari alipanda ngazi na nyundo. Aligonga kiungo cha kulia mara moja, puti ikaruka. Akagonga mara ya pili, na chuma cha engo kikaachia, kikaning'inia upande mmoja. Alishuka akakaa kwenye kibaraza cha darasa, nyundo mkononi, akawa anaangalia mahali pa kuchezea watoto.

"Mie ndiye niliyesema sabini-kumi-na-nane," alimwambia dada yake baadaye.

"Wewe ulisema," Avelina alijibu. "Yeye ndiye aliyeziba."

Watu wakaanza kutawanyika, na maneno yao hayakuwa ya chini. "Haya ndiyo ya kuwapa wanawake kazi za wanaume," alisema mwanamume mmoja, na mkewe akamwambia afunge mdomo wake. Mzee Nassibu aliomba kofia yake. Alipopewa aliikung'uta vumbi kwa muda mrefu, kofia ambayo haikuwa na vumbi kiasi hicho.

"Miaka thelathini na kitu," alisema, haijulikani anamwambia nani. "Sijawahi kutolewa chini ya kazi."

 

Hakumsemesha binti yake Jumamosi yote, wala Jumapili. Chakula alikula, chai alikunywa, shukrani alimpa Mungu. Rukaiya alipomwamkia, mzee aliitikia "marahaba" kwa ukuta. Nyumba ya watu wawili ikinyamaza inanyamaza kweli. Redio ilisoma matangazo ya vifo na hakuna aliyeuliza nani huyo.

Jumatatu asubuhi Avelina alipiga simu. "Utarudia," alisema. "Apolinari anataka watu wa Mwenge, nimekataa. Wewe nimeshakujua unaposhindwa unafanyaje. Hao siwajui. Ila utatumia rodi unazozijua, na mimi nitakuja kugonga mwenyewe kabla hujapaka rangi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mwalimu. Ahsante."

Rukaiya alikwenda stoo. Akamwaga misumari na vitasa, akaitoa oveni uani, akaikwangua kutu kwa msasa. Kulikuwa na sheria moja ya mama yake: oveni haiwashwi tupu kwa ajili ya chuma. Kwanza mkate, halafu rodi. Basi akaloweka mchele, Jumanne akausaga na tui, akatia hamira, sukari na iliki, akasubiri uumuke. Akawasha makaa. Aliyazidisha ya chini, kama kawaida ya mtu asiyejua, na harufu ya kuungua ikaanza kabla mkate haujaiva juu.

Mzee alikuwa barazani. Harufu ile ilipomfikia alisimama. Akaja uani bila fimbo, anapapasa ukuta, mpaka akafika kwenye joto la oveni, akasimama hapo.

"Punguza chini," alisema. "Mama yako alikuwa anaweka vipande vitano tu chini. Mengine yote juu."

Rukaiya akapunguza kwa koleo. Akavihesabu vile vitano mara mbili, maana baba amesema.

"Kaa chini nikwambie kitu," mzee alisema. "Na usinikatize, nikikatizwa sitaweza kumaliza."

Wakakaa kwenye ngazi ya jikoni.

"Mnara wangu wa kwanza ulikuwa wa Bi Tabu, kule Mtoni. Wewe hujazaliwa. Rodi zangu zilinyeshewa, sikuwa na nyingine, nikachomelea nazo hivyo hivyo. Zilikuwa zinatapika. Nilijua, Rukaiya. Siku ya maji Bi Tabu akasema mbele za watu, huyu kijana mimi simwamini. Mama yako akapandwa na hasira. Unamjua alivyokuwa. Akachukua kigoda akakaa chini ya tangi, akasema mume wangu namwamini mie, fungua maji Nassibu."

"Ukafanyaje?"

"Nikafungua." Mzee alizungusha mkono hewani, kama anayefungua bomba. "Nilisimama pale bombani. Nilikuwa naangalia tangi, namwangalia yeye, anakula mkate wake pale, anawaringia wale wanawake. Nikaona haya. Nikasema moyoni, nikisema sasa nimekwisha, sitapata kazi tena mjini hapa. Nikanyamaza mpaka likajaa, maji yakammwagikia, akacheka. Mie nikaenda nyuma ya choo nikatapika."

Mkate ulikuwa unatokota kwenye kingo za sufuria.

"Kesho yake nikarudi nikamwambia Bi Tabu naongeza nguvu, nikaurudia mnara wote kimyakimya. Mama yako nikamweleza. Wiki nzima hakunisemesha. Siku ya nane ametoa mkate, akaja akachukua rodi zangu bila neno, akazipanga ndani ya oveni. Na kila mnara baada ya hapo alikuja kukaa na mie. Watu walikuwa wanasema, tazameni mapenzi. Mapenzi yalikuwepo, siwezi kusema hayakuwepo. Lakini alikuwa anahakikisha kwamba sitanyamaza tena, maana yupo chini yangu pale. Ile 'tukae kidogo' yake ilikuwa inaniambia mimi. Maji yamejaa, haya, tukae, tuone."

Rukaiya alikuwa analia bila sauti.

"Jumamosi nilikasirika kwa sababu ya aibu," mzee alisema. "Nikalala nayo. Leo nimesikia iliki nikakumbuka bombani. Mie nilinyamaza na mke wangu yuko chini. Wewe hukunyamaza. Umenidanganya, na hilo bado linaniuma, usidhani limekwisha. Lakini hukunyamaza." Akapangusa macho kwa kiganja. "Sasa toa mkate huo kabla haujawa mkaa. Halafu nipe rodi nizipange mie. Mikono yangu bado inaona."

 

Safari hii Rukaiya alikata viungo vyote, vibovu na vizima, akasaga kingo mpaka chuma kikang'aa. Rodi alizitoa moja moja kwenye kitambaa, zikiwa kavu na zinanukia. Mashine ilinguruma kama zamani, rodi ikawaka kwa mguso mmoja, na mlio wake ukawa ule wa samaki kwenye mafuta. Ganda lilipopoa lilijibandua lenyewe. Apolinari alisimama pembeni na miwani ya giza ya akiba, akaangalia kiungo cha kwanza mpaka mwisho. "Kumbe," alisema. Mchana wote ndiye aliyeshikilia vyuma. Mwalimu Avelina aligonga kila kiungo kwa nyundo, kwa nguvu za mtu aliyewahi kupasua kuni kwao.

Jumamosi iliyofuata walikuja watu wachache. Rukaiya aliweka kigoda chini ya tangi, sinia la mkate magotini. Baba yake alikuwa amesema atasimama getini. Amezeeka, anaogopa kulowa. Maji yakaanza kuingia. Robo. Nusu. Rukaiya hakuangalia juu. Aliyasikia tu yakipanda, na mkate aliukata akashindwa kuutia mdomoni.

Akasikia fimbo inagonga sementi. Mzee Nassibu alikuwa anakuja, kigoda cha pili kakishika mkono wa kushoto, kile cha mkewe. Hakuna aliyemwongoza. Alifika, akapapasa bega la binti yake, akakaa ubavuni.

"Baba, ulisema utasimama getini."

"Pembeni nilishasimama mara moja, inatosha. Nipe mkate."

Akampa kipande. Chini kilikuwa kimeungua, katikati hakijaiva sawasawa. Mzee alikula polepole mpaka kikaisha, akalamba vidole, akanyoosha mkono apewe kingine.

Tangi likajaa. Maji yakamwagika pembeni, yakaja chini kwa mkupuo, yakawalowesha vichwa na nguo na mkate uliobaki. Mwalimu Avelina akapiga kigelegele, Apolinari akakimbilia bomba. Rukaiya akamshika baba yake mkono amsaidie kuinuka.

Mzee akamvuta shati, akamkalisha tena.

"Tukae kidogo," alisema.